Mtaa Niliomchagulia Mzee Chilewa

Ninyi vijana mnaosimama stesheni ya Dodoma mkiwangoja wauza samli na ngozi ili muwasindikize Dar es Salaam, mmeniuliza mara nyingi mgeni afikie mtaa gani. Nimekuwa nikiwajibu kwa neno mojamoja kwa sababu mlikuwa na haraka, na gari la moshi halingoji maelezo. Sasa nimeacha kazi. Magoti yameniambia niketi, nami nimeyatii. Nitawaeleza kwa kirefu, na asiye na nafasi ya kusikiliza aende zake bila kuniaga.

Kazi yangu ilikuwa utangulizi. Msafara wa wapagazi ukitoka bara kwenda pwani, mtu mmoja alitembea mbele yake akitafuta maji, kivuli, na wenyeji wasiotaka ugomvi. Msafara ulipoukaribia mji, yeye ndiye aliyeingia kwanza kuchagua mtaa wa kufikia. Watu humkumbuka kiongozi wa msafara kwa manyoya yake kichwani, na mnyapara kwa makelele yake. Mtangulizi hakumbukwi na mtu, isipokuwa pale walipolala pakiwa pabaya. Hapo jina lake hutajwa usiku kucha.

Mimi ni mtu wa Kondoa, Mrangi, mtoto wa vilimani. Nilishuka Mpwapwa na wajomba zangu waliokuwa wakipeleka samli, siku ambazo boma la Wadachi pale lilikuwa bado linanuka chokaa mbichi. Nilitaka upagazi kama kila kijana. Nilikuwa mwembamba kama ufito. Mnyapara alinitwisha mzigo wa nta ili anijaribu. Nikasimama nao, nikapiga hatua chache, kisha ule mzigo ukanikalisha chini kwa upole, kama mama anavyomkalisha mtoto. Watu walicheka sana. Nikainuka niende zangu.

Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa Mgogo mrefu, ndewe za masikio yake zikiwa na shanga, amesimama kwa mguu mmoja huku ameegemea fimbo, kama wachungaji wasimamavyo. Huyo ndiye Mzee Chilewa, mtangulizi wa msafara ule. Alimwuliza mnyapara, "Mzigo umemshinda. Macho je, anayo?"

"Macho anayo, yanatoka machozi," akasema mnyapara.

"Yanatosha. Nipe mimi."

Ndivyo nilivyopata kazi.

Safari yangu ya kwanza haikuelekea pwani. Tulikwenda bara, tukikata Ugogo kuelekea kwetu Kondoa. Vyombo vya kazi vilikuwa vichache: fimbo, kibuyu cha maji, mkeka, na kimfuko cha ugoro. Mzee Chilewa alisema ugoro ndio ufunguo, kwa sababu mtu hawezi kunusa na kukasirika kwa wakati mmoja. Tulipokaribia Msalato alinituma mbele peke yangu nikaangalie pa kupiga kambi. Nilikimbia kwenda, nikakimbia kurudi.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Maji, mzee. Kisima kizuri, maji matamu. Na migunga yenye kivuli."

"Na watu?"

"Wapo."

"Wanafanya nini?"

Nikaanza kujipangusa vumbi miguuni.

"Nilikutuma utafute maji au utafute mahali? Rudi."

Nilirudi, safari hii nikitembea. Nikaketi mbali kidogo na tembe zao. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kijiji kizima hakuna mchi uliokuwa ukitwanga. Wanawake walikuwa wamenyoa vichwa. Watoto walikuwa wakicheza bila sauti. Nikaenda kumwambia mzee kwamba pale pana msiba. Aliitikia kwa kichwa tu. Sisi tulikuwa na ngoma, na nyimbo, na wapagazi ambao kazi yao ya kwanza wakitua mizigo ni kupiga kelele. Tukauongoza msafara pembeni, tukalala penye maji ya chumvi, na jina langu likatajwa usiku kucha. Mzee Chilewa alikwenda peke yake kuwapa pole wafiwa. Tuliporudi njia ile ile baada ya mavuno, watu wa pale walitutokea na vibuyu vya maziwa kabla hatujaomba maji.

Mji una mambo hayo hayo, ila watu ni wengi na kila mmoja ameuficha msiba wake ndani.

Mara ya kwanza kuingia Dar es Salaam, nilitaka tufikie karibu na bandari. Palikuwa na nyumba kubwa iliyopakwa chokaa, na mwenyewe alitupokea kwa tabasamu na vikombe vya kahawa. Mimi nilishaanza kutafuta pa kutandika mkeka. Mzee Chilewa akamshukuru, akatoka nje, nami nikamfuata nikinung'unika.

"Kuna ubaya gani pale, mzee? Mtu mkarimu."

"Ametuchekea kabla hajatuona. Angeuchekea hata mlango ukifunguka."

Namna yake ya kuuchagua mtaa ilikuwa hii. Aliingia asubuhi, bila mzigo, akiwa ameshiba, kwa maana mwenye njaa huuona kila mtaa mzuri. Aliketi karibu na kisima akasikiliza wanawake wanavyosemeshana wakiteka maji. Kisha alizunguka akiuliza njia anayoijua. Wengine walimwonyesha kwa kidevu. Wengine waliacha kazi wakamsindikiza hadi kwenye kona, wakimwuliza jina na atokako. Hao ndio aliowarudia. Alisema mtaa ambao mgeni hawezi kuugua ndani yake si mtaa, ni soko, na sokoni hatulali.

Mitaa nayo ina majina yake, na majina husema. Mchafukoge lenyewe ni amri kwa mgeni, naye mzee aliitii: kila tukipita pale alinilazimisha kunawa uso. Lakini jina peke yake halitoshi, wala ukaribu wa forodha hautoshi. Mgogo hawezi kulala vizuri mahali pasipo na ua wa kuona nyota. Amezoea tembe lenye uwanja katikati na pumzi ya ng'ombe pembeni. Mtu wetu wa Kondoa anataka asikie adhana bila kutega sikio. Mnyamwezi atalala popote mradi kuna Mnyamwezi mwingine wa kubishana naye. Ukiwaweka mahali pabaya hawatakushtaki. Wataanza tu kuulizana lini tunarudi, na hapo ujue umekosea.

Jambo gumu la kwanza lililonikuta mwenyewe lilikuwa la mke wa mpagazi mmoja. Alikuwa na mimba, na mwendo wa njiani uliileta siku yake mapema. Msafara ulikuwa umebakiza nusu siku kufika mjini. Mnyapara alinitangulia kwa maneno: tafuta pahali karibu na maghala, tuna pembe na nta za kuhifadhi. Mzee Chilewa alimtazama yule mwanamke. Kisha akaniangalia mimi.

Niliingia mjini nikaenda kisima hadi kisima. Sikuuliza habari za nyumba. Niliuliza, "Mama zangu, shikamooni. Hapa mwanamke akishikwa na uchungu ghafla, anaitwa nani?" Kisima cha kwanza walicheka. Kisima cha pili wakataja jina, na cha tatu wakataja jina lile lile: Bi Tatu, mjane wa Kizaramo aliyekaa mtaa wa Gerezani. Nilikwenda kwake. Alikuwa akisuka ukili uani. Nikamweleza. Hakuuliza huyo mwanamke ni kabila gani wala nani atalipa. Aliuliza, "Miguu yake imevimba?" akaanza kuchemsha maji.

Mnyapara alipofika alighadhibika. "Nilikutuma utafute ghala, hukutumwa kutafuta mkunga!"

"Ghala nimeliona, bwana. Liko mwendo mfupi kutoka hapa. Lakini ghala halina uchungu."

Mtoto alizaliwa asubuhi, wa kiume, mwenye sauti ya mnyapara. Mama yake alipona. Mzee Chilewa alinijia pale nilipoketi barazani, akafungua kimfuko chake, akanipa ugoro kwa mara ya kwanza. Nilipiga chafya mpaka machozi yakanitoka. Watu walidhani ninalia kwa furaha, nami sikuona haja ya kuwasahihisha.

Baada ya hapo tulifanya kazi pamoja miaka mingi, yeye na mimi, tukipokezana. Mshahara sitautaja, mliwahi kuwa wapagazi baadhi yenu, mnajua. Nitaruka hadi safari iliyonifundisha kazi hii upya.

Tulikuwa tumepita Kilosa tukishuka pwani. Mzee Chilewa alikuwa amechomwa na mwiba wa mgunga tangu Ugogo, akauchomoa, akanyamaza. Alikuwa mtu wa kuwauliza wengine habari za miguu yao kila jioni, lakini wake aliufunga kitambaa na kuendelea. Tulipofika Dar es Salaam kidonda kilikuwa kimeingia mfupani, na mguu umekuwa mweusi. Nilimpeleka kwa mganga wa Kidachi. Walimkata chini ya goti, na kwa kumkata wakamwokoa. Hilo nalisema ili mtu asije akadhani namlaumu mtu.

Msafara ulikuwa unarudi. Mvua zilikuwa karibu, na mito ya kule Kilosa ikijaa haina rafiki. Mwenye msafara alisema hana watu wa kubeba machela mwendo wote ule. Kila bega lilikuwa na mzigo wake. Nilibishana naye, lakini nilijua anasema kweli. Mgonjwa mwenyewe asingefika.

Nilikwenda kumwambia. Alikuwa amelazwa kwenye mkeka, amegeukia ukutani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Omari," akasema, "maisha yangu yote nimewachagulia watu mitaa. Wangu mimi nichagulie wewe."

"Mzee, sema tu unapotaka."

"Ningejua ninapotaka nisingekuomba."

Siku ile nilizunguka mji kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Palikuwa na mtaa mmoja ukingoni mwa mji walikofikia watu wa kwetu, Wagogo na Warangi na Wanyaturu. Pale angesikia lugha yake kila asubuhi. Angepata watu wanaoijua Kibakwe, kijijini kwake, vilima vyake na mashamba yake, na wanaomjua mkewe. Nilifika pale nikakaribia kusema, hapa. Kisha nikatazama vizuri. Kila mtu pale alikuwa na fimbo mlangoni. Walikuwa wageni, wanafika na msafara mmoja na kuondoka na mwingine. Mzee angepata ndugu kila mwezi, na kila mwezi angewaaga.

Kwa Bi Tatu hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua Kigogo. Lakini watu wa pale walikuwa na mizizi. Palikuwa na mshona kofia aliyekaa mlango wa pili tangu ujana wake, na mwanamke muuza vitumbua upande wa pili wa njia, na kila mmoja alijua kikohozi cha mwenzake.

Nikamwambia Bi Tatu yote. Akanisikiliza akisuka.

"Anakula nini huyo mzee wako?"

"Ugali wa uwele, bibi. Na mlenda akiupata."

"Mlenda ndio nini?"

"Ni majani. Ukiyapika yanavutika kama bamia."

"Bamia ninayo," akasema. "Mlete."

Nilipomweleza Mzee Chilewa nilichoamua, aliuliza akiwa bado ameugeukia ukuta: "Huko nitasema na nani lugha yangu?"

"Na mimi. Kila msimu."

"Kigogo chako kibaya sana, mwanangu."

"Ndiyo, mzee. Utakuwa na kazi ya kukinyoosha."

Akageuka kutoka ukutani akanishika mkono. Tulimbeba jioni ile, mimi na wapagazi watatu, tukamweka chumba cha uani mahali anapoweza kuona nyota. Asubuhi msafara uliondoka. Sikugeuka nyuma, si kwa ushujaa. Nilijua nikigeuka sitakwenda.

Kilichonitia hofu njia nzima ni Kibakwe. Mkewe, Mama Matika, alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache, aliyelima mtama na karanga kwenye mteremko ambao mbuzi wangeukataa. Nilimkuta shambani. Aliponiona peke yangu aliweka jembe chini.

"Mbukwa, mama," nikamsalimu Kigogo.

Hakuitikia salamu. "Umemwacha wapi?"

Nilidhani ataniuliza kama yu hai. Lakini alikuwa ameshanisoma usoni kwamba yu hai. Alichotaka ni mahali. Nikamweleza habari za mguu, akafunika mdomo kwa mkono, akaketi juu ya tuta. Alipoweza kusema aliniuliza: Mlango wake unatazama wapi? Jirani wa kulia ni nani? Wa kushoto? Nani anamchotea maji? Huyo Bi Tatu hucheka, au ni mtu wa kununa? Nilimjibu yote, hadi umbo la mti wa mlimau uliokuwa uani. Nilipomaliza akaniambia nirudie tangu mwanzo.

Ikawa hivyo kila msimu. Nilipokwenda pwani nilipitia Kibakwe nikachukua mlenda mkavu uliofungwa kwenye majani, na salamu. Niliporudi nilileta kanga au chumvi, na salamu. Na kila mara Mama Matika aliniketisha akaniuliza habari za mtaa. Mke wa mshona kofia amepata nafuu? Yule wa vitumbua bado anagombana na dada yake? Hakuweza kwenda mwenyewe. Kifua chake kilikuwa kibovu na safari ile ya miguu ingemwua. Alikuwa akiujenga mtaa ule kichwani, tofali kwa tofali.

Kisha likaja gari la moshi. Mnajua wenyewe. Reli ilipita Gulwe ikafika Dodoma ikaendelea magharibi, na ilipopita, misafara ilikauka nyuma yake kama mto wa Ugogo baada ya mvua. Wapagazi walioshusha pembe pwani walibaki Mpwapwa wakitazamana. Mimi nilipata vibarua vya kuwasindikiza wauza samli kutoka Dodoma, kazi hii mnayoifanya ninyi, lakini mwanzoni sikuipenda. Niliichukia reli ile. Nilikuwa nimejifunza kuona maji kwa macho, na sasa watu walikaa juu ya benchi wakivuka nchi yangu huku wamesinzia.

Mtu aliyenibadilisha moyo ni Mama Matika. Nilikwenda kumsalimia, nikaanza kulalamika. Alinikatiza.

"Hilo gari, mtu anapanda hatembei?"

"Hatembei, mama. Anakaa tu."

"Hata mwenye kifua?"

Nilikuwa nimeitazama reli kama mtu aliyenyang'anywa, sikuwa nimefikiri hata kidogo juu ya hao wawili.

"Nipeleke," akasema. "Kisha turudi naye."

Kabla ya kuondoka nilipita Mpwapwa nikawaambia wapagazi wa zamani kwamba huenda nikaja Gulwe na Mzee Chilewa, naye hawezi kupanda vilima. Sikuwaomba kitu. Niliwaambia tu.

Mama Matika alipanda gari la moshi amefumba macho, akayafumbua tulipokwisha kupita Kidete, akasema, "Kumbe ni nyumba inayokwenda." Tulilala Morogoro, na pale nilimwachia achague yeye pa kulala. Alikataa nyumba mbili nilizozipenda. Akachagua ya mama mmoja aliyekuwa akimtukana kuku wake. Alisema anayemtukana kuku hana mtu wa kumtukana ndani, nyumba ina amani. Tulilala vizuri.

Tulipoingia Gerezani nilitaka nimtangulie nimwonyeshe. Hakunihitaji. Alitembea katikati ya njia akitazama kulia na kushoto, akasimama mbele ya mlango wa pili.

"Wewe ndiye mshona kofia," akamwambia mzee aliyekuwa na sindano mkononi. "Pole kwa msiba wa mkeo." Kisha akavuka njia akamsalimia muuza vitumbua kwa jina lake, akamwuliza kama wamepatana na dada yake. Yule mwanamke akabaki ameshika upawa, unga unamdondoka mguuni.

Mzee Chilewa alikuwa amekaa chini ya mlimau akichonga zeze. Alikuwa amejifunza kuyachonga na kuyapiga. Watoto wa mtaa walijua nyimbo za Kigogo wasizozifahamu maana. Alisikia sauti ya mkewe kabla hajamwona. Zeze lilimdondoka. Alitafuta magongo yake ainuke, yakamponyoka, na Mama Matika akafika kabla hajayapata. Alipiga magoti mbele yake. Hawakukumbatiana, si desturi. Alimfuta vumbi la mti lililokuwa kifuani pake, akaendelea kumfuta hata lilipokwisha. Mimi na Bi Tatu tulikumbuka kwamba kuna kazi jikoni.

Nilidhani jambo limekwisha. Siku iliyofuata mzee aliniambia haondoki.

"Nitakwenda kufanya nini Kibakwe, Omari? Kule ni vilima. Nitakaa mlangoni nimtazame mwanamke mgonjwa akinilimia? Hapa nina kazi yangu. Watu wananisalimu. Wewe ulinichagulia hapa."

Nilikwenda kwa Mama Matika nikampa maneno hayo. Alikuwa akiosha vyombo na Bi Tatu. Walikuwa wamekwisha kuwa kama mtu na dada yake, ingawa mmoja alisema Kigogo na mwingine Kizaramo, na Kiswahili chao kilikutana njiani.

"Ulimchagulia pazuri mno, mwanangu," akasema. "Hiyo ndiyo shida yako."

Bi Tatu alifuta mikono. "Mimi sitamfukuza," akasema. "Na nikisema abaki nitakuwa nimemwiba mume wa mtu. Nendeni mkaseme wenyewe."

Mama Matika alikwenda uani akaketi karibu na mumewe. Nilikuwa nimesimama mlangoni, hawakunifukuza.

"Baba Matika, sikukuja kukulazimisha," akasema. "Ukitaka kukaa, kaa. Watu wa hapa ni wazuri, nimewaona. Lakini mimi nimechoka kusalimiwa na wewe kwa mdomo wa Omari."

Mzee aliangalia chini. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na alipomaliza macho yake yalikuwa yamelowa kweli.

"Kigogo chake kibaya sana," akasema.

"Kibaya mno," akasema mkewe. "Salamu zako zote zilifika zimechechemea."

Mzee aliliacha lile zeze kwa mshona kofia. Siku ya kuondoka mtaa mzima ulikuja stesheni, na Bi Tatu akamfungia bamia kavu kwenye ukili. Aliagana naye kwa maneno ya kawaida, nenda salama, tusalimie huko, kisha akageuka akaondoka haraka kabla gari halijapiga filimbi. Nilimwona akienda bila kutazama njia.

Ndani ya gari Mzee Chilewa alikaa dirishani. Alikuwa akinionyesha. "Pale tulizika yule Msukuma. Pale kuna maji chini ya mwamba, wenye reli hawajui. Pale simba alichukua punda." Abiria waliacha kusinzia wakaja upande wetu. Safari tuliyoitembea mpaka miezi ikapita sasa ilikuwa ikikimbia nyuma yake, naye akiitaja kambi kwa kambi, akichelewa kidogo, kwa sababu gari lilikuwa na mwendo kuliko ulimi wake.

Tulishuka Gulwe jua likiwa kali. Nilisimama nikiwaza nitampandishaje vilimani. Kisha nikawaona. Chini ya kivuli cha tangi la maji walikuwa wameketi wapagazi wetu wa zamani, wengi kuliko niliowaambia, wakilingoja kila gari tangu tuondoke, wengine wameota mvi, na mbele yao machela mpya ya kamba za ngozi. Hawakusema maneno mengi. Mmoja alisema, "Shikamoo mzee. Panda." Wakaanza kugombana nani ashike mbele.

Mzee alikataa kwanza. Alisema hajawahi kuwa mzigo wa mtu. Mpagazi mmoja aliyekuwa na bega lililoinama kwa miaka ya pembe akamjibu, "Mzee, sisi hatujabeba kitu tangu reli ije. Mabega yametukauka. Tufanyie hisani." Basi akapanda.

Walimbeba kupitia Mpwapwa, wakaimba nyimbo za msafara ambazo sikuwa nimezisikia muda mrefu, huku wakibadilishana mabega bila kusimama. Watu walitoka mashambani kutazama. Mama Matika, kwa sababu ya kifua chake, tulimpandisha juu ya punda, na njia nzima aliwaambia wapagazi wapunguze mwendo, na mumewe akiwaambia waongeze.

Vilima vya Kibakwe vilipoanza, nikachukua upande mmoja wa machela mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu ule mzigo wa nta. Sikufika mbali. Walininyang'anya, wakacheka kama zamani.

Mbele ya tembe lake mzee akasema wamshushe. Alitaka kuingia mwenyewe. Tulimpa magongo. Mama Matika alikuwa amekwisha kuteremka akafungua mlango, na moshi wa kuni ukaanza kutoka. Mzee alivuka uwanja polepole, akasimama kupumzika katikati, akaangalia mteremko wenye mtama, akaendelea. Alipofika mlangoni mkono wa mkewe ulitoka gizani ukamshika kiwiko. Wakaingia.

Sisi tulibaki nje na machela tupu. Ndani tuliwasikia wakizungumza Kigogo, sauti ya chini, mmoja akimaliza mwingine anaanza, bila mtu katikati yao. Mpagazi mmoja aliniuliza tunangoja nini, maana jua lilikuwa linakwenda na njia ya Mpwapwa ni ndefu. Tukaketi kwenye vumbi, watu wazima wote wale, tukawa tunasikiliza.